Barua ya wazi kwa wakuu wa filamu za mauaji ya kweli: tuonyesheni mshono

Ndugu wakuu,

YAH: OMBI LA KUONYESHWA MSHONO

Tafadhali rejeeni kichwa cha habari hapo juu. Hivi ndivyo tulivyofundishwa shuleni kuanza barua kwa wakubwa, na sijaona njia nyingine ya kuanza nisionekane mgomvi tangu mstari wa kwanza. Nawaandikia ninyi mnaoamua ni mauaji gani yatengenezewe filamu, nani apewe fedha, nani akae kwenye meza ya kuhariri na lini kazi isemwe imekwisha. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu pesa yangu ya kila mwezi mnaipokea bila kuuliza inazungumza lugha gani.

Mimi nahariri video za harusi, Sinza, Dar es Salaam. Sendofu, kicheni pati, kapu la mama, harusi yenyewe, na ndoa ikijibu, arobaini ya mtoto. Kwa hiyo kazi yangu na yenu ni moja, ila ya kwangu ina keki. Mnarekodi saa chungu nzima, mnajifungia chumbani, mnakata, mnaunganisha, halafu mnamkabidhi mtu kitu cha saa moja na kumwambia: haya ndiyo yaliyotokea.

Niwasimulie kisa changu kwanza, msije mkadhani nawarushia mawe nikiwa nimesimama mahali salama.

Kuna harusi niliyoifanya umeme ukakatika katikati ya shughuli. Jenereta likawashwa nyuma ya ukumbi, na upepo ukauleta moshi wote kwenye meza za upande wa bwana harusi. Shangazi mmoja akakunja uso, akavuta ncha ya mtandio akaziba pua. Kamera yangu ya pili ilikuwa imemwelekea. Baadaye sana, ukafika wakati wa zawadi. Mama wa bibi harusi akaingia na ndugu zake, wanacheza, wamebeba kabati la vyombo kama jeneza la furaha. Kamera ya pili betri ikawa imekwisha, na ya kwanza ikatikisika vibaya pale mtu aliponipiga kikumbo. Nilipokaa kuhariri nikakuta shimo la sekunde mbili na nusu. Nilihitaji uso wowote wa kulifunika. Nikauchukua ule wa shangazi.

Siku ya kuitazama video, sebule imejaa, mtu mmoja akasimamisha picha. “Rudisha nyuma. Mwoneni alivyotudharau.” Basi. Arobaini ya mtoto ilipofika shangazi hakualikwa, naye hakuambiwa kosa lake. Alipokuja kulijua, alipanda daladala mpaka studio kwangu, akakaa kwenye kile kiti cha plastiki, akaniuliza kwa upole ambao mpaka leo unaniuma: “Mwanangu, hebu nisaidie. Mimi siku ile nilikunja uso kwa nini?” Nikamfungulia picha ghafi. Tukauona moshi. Tukaona na saa iliyokuwa ikitembea pembeni mwa picha: kati ya moshi na kabati zilikuwa zimepita karibu saa mbili.

Ndani ya video ile hapakuwa na picha hata moja ya uongo. Uso ulikuwa wake, ukumbi ulikuwa uleule, kabati lilikuwa lilelile. Uongo ulikaa pale nilipounganisha, na kwa kuwa mimi ni fundi, palikuwa hapaonekani.

Tangu siku hiyo sitazami tena filamu zenu kama mtu wa kawaida. Natazama mishono.

Chukueni ile iliyotuingiza wengi kwenye ulevi huu, *Making a Murderer*. Ilitoka Desemba 18, 2015, sehemu kumi kwa mpigo. Hazikutimia wiki tatu, Januari 6, 2016, Netflix ikafunguliwa kwa siku moja katika nchi zaidi ya 130, yetu ikiwamo. Mimi niliipata kwenye flashi, kwa jamaa aliyekuwa akirusha sizoni pale Mwenge. Hayo tuyaache, siku hizi nalipa. Tuliitazama usiku mbili, watu wanne, chumba kimoja, feni moja. Asubuhi ya pili kijiweni hapakuwa na habari nyingine. Kaonewa! Jamaa kaonewa mara mbili!

Kwa wasioijua: Steven Avery wa kaunti ya Manitowoc, jimbo la Wisconsin, alifungwa mwaka 1985 kwa shambulio la kingono ambalo hakulitenda. Akakaa ndani miaka 18, akatoka 2003 baada ya vipimo vya vinasaba kumtaja mtu mwingine. Akaishtaki kaunti akidai dola milioni 36. Kesi ikiwa bado ya moto, Oktoba 31, 2005, akauawa binti wa miaka 25 aliyekuwa amefika kwenye eneo la familia ya Avery kupiga picha gari lililokuwa likiuzwa. Avery akashtakiwa, na mwaka 2007 akahukumiwa kifungo cha maisha. Mpwa wake, aliyekuwa na miaka 16 alipohojiwa na wapelelezi, akafungwa naye.

Mnaona jinsi kisa chenyewe kilivyo. Hakihitaji chumvi. Mtu aliyewahi kuonewa na dola anarudi mbele ya dola ileile, na mwenye kumchunguza ni mtu anayedaiwa mamilioni. Hata ukikisimulia kwa sauti ya kusoma matokeo ya mpira wa miguu, watu watakaa. Ndiyo maana sielewi kwa nini mkono wa mhariri ulikwenda ulikokwenda.

Mahakamani, wakili wa utetezi Dean Strang alimhoji sajini wa polisi wa kaunti, Andrew Colborn, kuhusu simu aliyopiga kituoni kuulizia namba ya gari la marehemu, kabla gari lenyewe halijapatikana. Akamwuliza kama anaelewa kwamba mtu akiisikiliza simu ile anaweza kudhani alikuwa akiitazama pleti yenyewe nyuma ya gari. Mwendesha mashtaka akapinga, jaji akalikubali pingamizi, swali likafa palepale bila kujibiwa. Wakili akauliza lingine: simu hii inafanana na mamia ya simu ulizowahi kupiga kuulizia namba za magari? Sajini akajibu: ndiyo.

Kwenye filamu, ile “ndiyo” imekaa baada ya swali la kwanza.

Nilipolijua hilo niliirudia sehemu hiyo mara nyingi kuliko ninavyothubutu kukiri kwa mke wangu. Ni kazi safi. Sauti haigongi, mwanga haubadiliki, pumzi inaingia mahali pake. Ningempa kazi fundi yule kesho. Lakini mimi na wenzangu watatu chini ya feni tulirukaruka kwa ile “ndiyo”. Tulimwona mtu akibanwa hadi akakiri, na kumbe alikuwa akijibu jambo la kila siku kazini kwake.

Colborn aliwashtaki watengenezaji na Netflix mwaka 2018. Machi 2023 hakimu wa mahakama ya shirikisho akaitupa kesi. Najua mnaipenda hukumu hiyo, na mna haki ya kuipenda. Sheria ya Marekani inamdai mtumishi wa umma anayelalamika kuchafuliwa jina athibitishe kwamba aliyemsema alijua anasema uongo, au hakujali kama ni kweli, kabla hajalipwa hata senti, na ni vizuri iwe hivyo, maana bila hivyo hakuna askari duniani angerekodiwa. Ila hakimu aliulizwa swali la sheria. Shangazi hakuja kwangu na swali la sheria.

Na yaliyoachwa nje? Baraza la waamuzi lilielezwa kwamba chini ya boneti ya gari la marehemu, pale kwenye kishikio, zilipatikana chembe za vinasaba vya Avery zisizotokana na damu. Lilielezwa pia kwamba siku ile alimpigia binti yule simu mara mbili akiwa ameificha namba yake. Sisi hatukuelezwa. Watengenezaji walijibu kwamba kesi ilichukua wiki nyingi na hakuna filamu inayobeba kila kitu. Kweli kabisa, hata harusi ya saa sita siwezi kuirudisha yote. Lakini ukiacha nje kitu ambacho mtazamaji angekigeukia palepale na kusema “subiri kwanza”, hapo nafasi haikukubana. Umechagua nani asimame wapi.

Basi watu wakasimama. Zaidi ya watu 128,000 walitia saini ombi kwa Ikulu ya Marekani Avery asamehewe, na Januari 2016 Ikulu ikajibu kwamba Rais hana mamlaka juu ya kesi ya jimbo. Mwendesha mashtaka wa kesi ile akaandamwa kwa vitisho. Februari mtu akapiga simu kwa ofisi ya polisi wa Manitowoc akitishia mabomu. Mimi nilifanya uchizi mdogo zaidi: nilimnunia binamu yangu miezi miwili kwa sababu alisema, “Lakini na huyo binti je?”

Na huyo binti je. Alikuwa mwenzangu, mpiga picha. Baada ya sehemu kumi za filamu niliweza kuwataja mawakili wote wawili wa utetezi kwa majina yao kamili, na jina lake yeye lilinitoka. Familia yake ilikataa kushiriki, ikasema inasikitika kuona msiba wao umefanywa burudani na biashara. Jina nimelikumbuka sasa. Sitaliandika hapa, limeshaandikwa vya kutosha na watu wasiomjua.

Wakuu, sikuja kumtetea Avery wala kumshtaki, faili liko mahakamani. Na sikuja kusema filamu ile ni takataka. Ndani yake kuna kipande ambacho ningekionyesha kwa kila kijana anayetaka kujifunza kazi hii: yule mpwa, chumba cha mahojiano, Machi 2006. Hana wakili, hana mzazi. Kamera ya polisi imekaa juu kwenye kona, haisogei. Ameshawaeleza wapelelezi mambo ya kumfunga maisha, halafu anawauliza kama atawahi kurudi shuleni kabla ya kipindi cha sita, ana kazi ya kukabidhi. Hakuna muziki ulioweza kuongeza kitu pale. Mlikiacha kiende kwa urefu wake, na sisi tukaona kwa macho yetu mtoto ambaye hajui ametia sahihi nini. Mwaka 2016 hakimu mmoja wa shirikisho aliitengua hukumu yake. Desemba 2017 majaji wa rufaa wakairudisha kwa kura nne kwa tatu, na Juni 2018 Mahakama Kuu ya Marekani ikakataa kuisikiliza. Majaji watatu kati ya saba waliona kile nilichokiona. Hilo si jambo dogo.

Sasa sikilizeni kilichotokea kijiweni. Habari ya ile “ndiyo” iliyohamishwa ilipotufikia, mmoja wetu, tena yule aliyelia zaidi, alisema: “Aah, basi na yule dogo wamemuediti vilevile.” Nikabishana naye hadi nikachoka. Hataki. Kwake filamu nzima imeshaoza. Mshono mmoja uliofichwa ulifumuka, na yeye akatupa nguo yote, pamoja na kile kipande ambacho hakikuguswa. Yule mtoto aliyekuwa na shahidi wake mmoja mwaminifu, yaani kamera ya kwenye kona, akampoteza kwa sababu ya mkono wa mtu aliyetaka sehemu ya tano iwe tamu zaidi. Au ya sita, sikumbuki, na haidhuru.

Hiyo ndiyo hasara ninayotaka muione. Mnapopokea malalamiko ya watazamaji nadhani mnayasoma kama hasira za watu waliokatiwa uhondo, wengine wakisema mmependelea huku, wengine kule, nanyi mnahitimisha kwamba kama pande zote zinalalamika basi mko katikati. Hapana. Sisi wengi hatulalamikii upande. Mtu anaruhusiwa kuwa na upande, hata mimi harusi ninayolipwa na upande wa mwanamke huwa naipiga kwa moyo wa upande wa mwanamke. Tunalalamikia kutojua wapi picha inaishia na wapi mkono wako unaanzia.

Tazameni *The Jinx*, ya HBO, ya mwaka huohuo 2015. Robert Durst, mtoto wa ukoo wa matajiri wa majumba New York. Mke wake alitoweka 1982. Rafiki yake, mwandishi Susan Berman, alipigwa risasi Los Angeles Desemba 2000. Kuna sehemu watengenezaji wanaweka bahasha mbili mezani. Moja ilitumwa kwa polisi wa Beverly Hills kuwajulisha kuna maiti nyumbani kwa Berman. Nyingine ni ya barua ambayo Durst mwenyewe alimwandikia Berman mwaka 1999. Kwenye zote mbili neno Beverly limekosewa kwa namna ileile, limeandikwa BEVERLEY, kwa herufi kubwa zinazofanana kama mapacha. Anaonyeshwa, anaulizwa ipi si yake. Anashindwa kujibu. Anapiga mbeu.

Jamani! Mtu ana kitu kama kile mkononi, anataka nini tena? Ningekuwa mimi ningezima kamera nikaenda kula.

Lakini hawakuishia hapo. Durst akaenda chooni, maiki bado imo kwenye nguo, akawa anajisemea peke yake. Filamu inamaliza kwa sauti yake ikisema: nimefanya nini mimi? Niliwaua wote, bila shaka. Giza. Dunia nzima ikashika vichwa. Durst alikuwa amekamatwa New Orleans Machi 14, siku moja kabla ya kipande hicho kurushwa.

Mwaka 2019 maandishi ya kinasa kile yakawekwa mahakamani, na ikaonekana sentensi zile mbili hazikufuatana. Ile ya kuwaua ilitangulia. Ile ya “nimefanya nini” ilikuja baadaye, na kati yake kulikuwa na maneno mengine, manung’uniko, na vipande visivyosikika. Mhariri alizigeuza na kuzikaribisha, kauli zilizotawanyika zikawa swali na jibu. Watengenezaji walijitetea kwamba maana haikupotoshwa.

Kuna watakaoniambia: wewe, Durst alipatikana na hatia ya kumuua Berman Septemba 2021, akafungwa maisha, akafia kifungoni Januari 2022, unamlilia nini? Simlilii. Baraza la waamuzi lilimsikiliza akitoa ushahidi kwa siku nyingi, likaamua, yamekwisha. Ila hukumu ya mahakama haimsafishi mhariri. Kama shangazi kweli angekuwa amemdharau yule bibi harusi moyoni mwake, mimi bado ningekuwa nimeuiba uso wake kwenye moshi nikauweka kwenye zawadi.

Siku hizi hata kuiba uso hakuhitajiki, unatengenezwa. Aprili 2024, *What Jennifer Did*, kuhusu kesi ya Jennifer Pan wa Ontario, Kanada: watazamaji wakasimamisha picha na kuanza kuhesabu vidole. Kwenye picha zilizoonyeshwa kama za zamani za mtuhumiwa, vidole vilikuwa vimeyeyuka na meno hayakukaa sawa. Mtayarishaji mmoja alijibu kwamba sura ni ya kweli, kilichobadilishwa ni mandhari ya nyuma ili kumlinda aliyezitoa picha. Huenda ni kweli, lakini sisi tulikuwa hatujaambiwa chochote mpaka tukakamata wenyewe. Na kesi ya rufaa ya binti yule ilikuwa bado haijamalizika. Mfululizo mwingine wa mwaka 2025, kuhusu binti aliyeuawa Wyoming, ulitumia akili mnemba kuitoa upya sauti ya marehemu isome shajara yake. Wale angalau waliandika mwanzoni kwamba sauti imetengenezwa, na familia iliridhia. Watu walilalamika vilevile, na mimi binafsi mwili ulinisisimka vibaya. Kwetu sauti ya maiti hairudishwi ili kuuza kitu. Lakini sikuhisi nimeibiwa, maana niliambiwa mlangoni, nikachagua kuingia.

Sasa ombi lenyewe, na halina gharama kubwa.

Taarifa za habari za televisheni zetu, hata ya kituo kidogo chenye kamera tatu, zikionyesha picha ya zamani huandika pembeni neno moja: MAKTABA. Waziri anaongelea barabara leo, picha ni ya barabara ya mwaka juzi, pembeni imeandikwa MAKTABA, nasi tunaelewa hata bibi asiyejua kusoma akiwa na mjukuu karibu. Hakuna aliyewahi kuzima televisheni kwa sababu ya neno hilo. Ninyi wenye fedha za kurusha helikopta juu ya msitu wa Wisconsin mnashindwaje na neno moja? Jibu likihamishwa kutoka kwenye swali lake, lioneshwe. Sauti ikipangwa upya, maandishi yale chini yabebe nukta za kuonyesha palipokatwa. Uso wa mtu mahakamani ukiwa wa siku nyingine, pembeni iandikwe siku. Picha ikiguswa na kompyuta, alama ikae juu ya picha yenyewe kwa muda wote inapoonekana, isifichwe mwishoni mwa majina ya madereva na wapishi, pale ambapo programu zenu zenyewe huwa zimeshatuhamishia kwenye filamu nyingine.

Kuna na jambo la tafsiri, ambalo nadhani hamlijui kwa kuwa hamtusikii. Niliwahi kukodiwa siku mbili kubeba taa kwa wageni waliokuja kurekodi habari ya kijana aliyeshtakiwa kwa mauaji. Mama yake alikaa kwenye mkeka, akasema mbele yangu: “Mwanangu alikuwa mtundu, hata mimi alinishinda, lakini kuua, hapana.” Filamu ilipotoka, maandishi ya Kiingereza chini yake yalisema tu kwamba mwanawe hawezi kuua. Mama aliyesema ukweli wenye pande mbili akageuzwa mama wa kila filamu. Anayejua Kiswahili anasikia kitu kimoja na kusoma kingine, anamwamini mama, anaacha kuwaamini ninyi. Na kamera zinazidi kuja kwetu. Pale Shakahola, Kilifi, nchini Kenya, walikofia waumini waliofunga kula, miili zaidi ya 400 imefukuliwa tangu 2023, watoto wengi wakiwamo, na ndugu zao wanahojiwa kwa Kiswahili na wenye lugha nyingine. Karatasi ya ridhaa wanayotia sahihi iwe ya lugha wanayoisoma, na maneno yao yatafsiriwe mpaka mwisho wa sentensi.

Barua hii nilishauriwa niipeleke kwa bodi zetu za filamu. Nimekataa. Bodi nazifahamu, zitatoa mkasi, na tatizo langu tangu mwanzo ni mkasi. Zinapima damu na mapaja na kuandika umri. Ukweli hauna umri wa kuandikwa pale juu. Hili ni lenu, mafundi kwa mafundi.

Yule shangazi nilimtengenezea video upya bila malipo. Niliutoa uso wake, lile shimo la sekunde mbili na nusu nikaliacha jeusi, na chini nikaandika: kamera ilisukumwa. Wenye harusi walinuna kidogo, wakasema inaharibu mtiririko. Shangazi yeye aliitaka na ile ya moshi, anaihifadhi kwenye simu, na mtu akileta maneno anaitoa.

Nami naomba kitu cha aina hiyo. Sihitaji msamaha wala mwezi wa bure. Nataka kinasa kile cha chooni, kizima, kuanzia Durst anafunga mlango hadi anatoka, kiwekwe mahali mtazamaji anaweza kukisikiliza mwenyewe. Halafu mnijibu: kati ya “niliwaua wote” na “nimefanya nini mimi”, kwenye kinasa chenyewe, zilipita sekunde ngapi?

Wenu katika kazi,
Mhariri wa video za harusi,
Sinza, Dar es Salaam